Kumbukumbu ya mradi: Corolla 1ZZ-FE mjini Goma, kuosha injini au kushusha karteri (sinia la oili chini ya injini)?

Gari ni Toyota Corolla ya mwaka 2001, injini 1ZZ-FE ya lita 1.8. Kazi yake ni mjini: Himbi, Birere, Majengo, mara moja moja Sake. Tatizo: taa ya oili inapepesa kwenye ralanti (injini ikiwaka bila kukanyaga gesi) injini ikishapata moto. Garaji iliyoiona kwanza ilishauri "kuosha injini" pamoja na vidanji (kubadilisha oili). Tukasema hapana, kwanza tupime.

Presha na filta ya zamani

Swichi ya presha iko karibu na filta. Ukiitoa, manometa inafungwa hapohapo, ila angalia uzi: wa Toyota ni 1/8 BSPT, nyuzi 28 kwa inchi, na adapta nyingi za sokoni ni 1/8 NPT, nyuzi 27. Hiyo ya pili inaingia kidogo halafu inakaza. Ukiilazimisha unaharibu alumini ya bloku kwa ajili ya kipimo cha dakika tano.

Injini ikiwa moto, Toyota inataka angalau kilopaskali 29 kwenye ralanti, na kati ya 294 na 539 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Tulisoma 25 na 240. Kwa hiyo taa haidanganyi, na swichi si mbovu.

Filta ya zamani tuliikata kwa kikataji cha bati. Msumeno wa chuma unamwaga unga wake mwenyewe ndani, kisha unaanza kuogopa chuma ambacho umekileta wewe. Karatasi ilikunjuliwa juu ya kitambaa cheupe, sumaku ikapitishwa. Hakuna vipande vinavyong'aa, kwa hiyo beringi za krankishafti (mhimili mkuu wa injini) bado hatuzishuku. Kuna chembe nyeusi ngumu, zinapondeka kati ya kucha mbili: kaboni ya oili iliyoungua. Chini ya kifuniko cha kujazia oili, tochi ilionyesha uji mweusi unaokwanguka kwa bisibisi. (Rangi ya kahawia inayong'aa juu ya chuma ni kitu kingine. Hiyo ni vanishi tu, iacheni.)

Kwa nini hatukumwaga dawa

Dawa ya kuoshea injini kwa kawaida ni viyeyusho vyepesi pamoja na sabuni za oili. Chupa ya mililita 300 hadi 450 inamwagwa ndani ya oili ya zamani ikiwa moto, injini inakaa ralanti dakika 10 hadi 15 bila kuendeshwa, kisha vidanji. Kwenye injini safi haina cha kuosha. Kwenye injini yenye uji kama hii, inabandua vipande, na vipande haviendi kwenye filta kwanza. Vinaenda kwenye krepini, ule wavu ulio chini ndani ya karteri ambako pampu inanyonyea. Krepini ikiziba, pampu inakosa oili, na filta mpya uliyonunua haikusaidii kitu kwa sababu iko baada ya pampu. Presha yetu ilikuwa tayari chini ya kiwango. Kumwaga dawa hapo ni kucheza na beringi.

Mazuti (dizeli) ni mbaya zaidi, na bado kuna mafundi wanaomwaga lita nzima na kuwasha. Kwa nyuzijoto 40, mnato wa mazuti ni kati ya sentistoki 2 na 4.5, wa oili ya 10W-30 ni zaidi ya 60. Krankishafti inaelea ndani ya beringi juu ya tabaka la oili. Ukiiwekea mazuti, chuma kinagusa chuma. Na vidanji havitoi yote: sehemu inabaki kwenye mifereji, inachanganyika na oili mpya na kuipunguzia uzito.

Karteri chini

Boliti ndogo za kichwa cha 10, halafu silikoni inayoshika kweli. Ilitoka kwa kisu chembamba cha rangi kikigongwa taratibu kuzunguka ukingo. Bisibisi inapinda bati na kuchana alumini, na hapo pataendelea kuvuja hata ukipaka nini.

Krepini: zaidi ya nusu ya wavu imefunikwa. Mwenye gari alipoiona aliuliza, "Papa fundi, hii ndiyo ilikuwa inakula injini?" Ndiyo, mama. Ililowekwa kwenye mafuta ya taa, nje ya injini, ikapulizwa hewa kutoka ndani kwenda nje, ikarudi na gaskiti mpya. Gaskiti ya zamani ikivuja, pampu inanyonya hewa na presha inaanguka tena.

Silikoni mpya: mstari wa milimita 4 hivi, upande wa ndani wa matundu ya boliti. Watu wanapaka kama siagi ya mkate. Ile ya ziada inabanwa kuelekea ndani, inakatika, na kuishia kwenye krepini ileile. Boliti zinakazwa kwa nyutoni-mita 9 tu. Oili ilijazwa kesho yake.

Presha baada ya hapo: 60 kwenye ralanti, 330 kwenye 3,000.

Uji uliobaki juu

Huu tunauachia oili yenyewe. Oili nzuri tayari ina sabuni za kalisi au magnesi, zinazolainisha uchafu polepole na kuubeba ukiwa umeelea hadi kwenye vidanji. Mpango: 10W-30, lita 3.7 pamoja na filta, vidanji baada ya kilomita 1,000, tena baada ya 2,000, kila mara injini ikiwa moto na filta mpya. Boliti ya kumwagia ni ya 14, nyutoni-mita 37, pete mpya. Kila filta tunaikata. Chembe zikiongezeka ghafla, manometa inarudi.

Baada ya hapo kila kilomita 5,000 au miezi 6, si 10,000. Hapa vumbi la lava na foleni za ralanti vinafanya kilomita zidanganye, na safari fupi zinaacha maji na esansi (petroli) ndani ya oili. Gari linalofuata ratiba hiyo halihitaji kuoshwa kwenye vidanji vya kawaida. Tunakubali kuosha pale tu maji ya radieta yamechanganyika na oili, baada ya jointi ya kulasi (gaskiti ya kichwa cha injini) kutengenezwa: unajaza oili ya bei nafuu, unapasha moto kwenye ralanti, unamwaga, unarudia hadi itoke bila rangi ya maziwa.

Oili chafu iko kwenye bidoni zilizofungwa. Mawe ya Goma hayashiki kitu; ukimwaga uani inapita moja kwa moja chini.

Bado

Kupima ulaji wa oili kwenye kilomita 1,000, kutoka alama ya juu ya kijiti, gari likiwa pa tambarare. Pistoni za 1ZZ-FE za miaka hiyo zina matundu madogo ya kurudishia oili, na ringi hukwama. Ikila zaidi ya nusu lita, tunatoa bujia (plagi) na kuloweka pistoni kutokea juu. Kichujio cha vali ya VVT-i (mfumo unaobadilisha muda wa vali kufunguka) nacho hakijafunguliwa.