Siku moja maishani mwangu: fundi, deki na misumari 212

Kila mtu ana kisa cha fundi mwongo, yule wa "njoo kesho". Leo nawapa siku yangu nzima mjionee hiyo kesho inakopotelea.

Saa 11 alfajiri niko macho. Mgongo ndio jogoo wangu. Chai ya rangi, kiporo, daladala kutoka Keko hadi Kivukoni, na kabla ya saa 1 mimi na dogo tuko kwenye pantoni, shilingi 200 kila mmoja, begi la zana katikati ya miguu.

Kazi iko Kigamboni, nyumba inayotazama bahari. Mama mwenye nyumba aliponipigia alisema, "Fundi, deki yangu imechakaa." Nikamjibu mimi ni seremala, sipigi deki. Kumbe ni kibaraza cha mbao cha nje, mita 6 kwa 4. Tulicheka sana siku ile.

Saa 1 na nusu tunaanza. Kusugua kwa brashi na maji ya sabuni tulimaliza juzi, pamekauka. Mbao ni mtiki. Jua limezifanya kijivu kama majivu ya jikoni, lakini ukikwangua kidogo kwa patasi, rangi ya asali iko palepale. Jua halijaua kitu hapa. Kilichoua ni aliyepigilia misumari ya kawaida karibu na bahari. Chumvi imeila, na kila kichwa kimezungukwa na doa jeusi.

Basi tukang'oa. Unaingiza makucha ya nyundo, unavuta taratibu, kichwa kinakatika, shina linabaki ndani. Hilo usiliache: mashine ya msasa ikipita juu yake, karatasi inachanika vipande viwili na hela yako imekwenda. Kwa hiyo unalizamisha kwa chuma chembamba, au unachimba pembeni yake hadi koleo lishike. Mara 212. Dogo ndiye aliyekuwa anahesabu, nadhani kwa hasira.

Saa 4, mama anatoka na simu mkononi. "Fundi, bado tu? Rangi lini?" Shemeji yake amemtumia picha ya kibaraza kinachong'aa kama meza ya hotelini. Si tupake vanishi? Nikamweleza: vanishi inakaa juu kama ngozi, nje jua linaipasua, maji yanaingia chini yake, na masika yakija inabanduka kama gamba la nyoka. Mafuta yanaingia ndani ya mbao. Akanisikiliza vizuri. "Sawa fundi, lakini vanishi inang'aa." Akaingia ndani. Alirudi mara mbili zaidi na swali lilelile.

Mbao mbili zilikuwa zimeoza kwa chini. Patasi ilizama kama kwenye parachichi. Majani yalijaa kwenye nafasi kati ya mbao, yakatunza maji mwaka mzima. Mpya tukazifunga kwa skrubu za stenlesi, tukiacha nafasi ya unene wa msumari wa inchi 5. Msumari wenyewe ndio kipimo: unausimamisha katikati, unasukuma ubao mpaka uugongee.

Halafu umeme ukakatika. Sijui ilikuwa saa ngapi, wali maharage ulikuwa umeshaisha. Tukapiga msasa kwa mkono, namba 60, tukifuata nyuzi za mbao, kwa magoti. Vumbi la mtiki linawasha puani na kwenye viwiko. Umeme uliporudi tukapita na namba 80 tukaishia hapo, maana sakafu ya nje ikiwa laini mno inagoma kunywa mafuta. Mama akapapasa. "Mbona kama inakwaruza?"

Mafuta tunapaka jua likishalegea. Ubao ukiwa wa moto yanakauka kabla hayajazama. Unapaka, unasubiri, unafuta yaliyobaki juu. Hapo ile asali ikajitokeza ubao kwa ubao, hata dogo akanyamaza. Matambara tukayatosa kwenye ndoo ya maji. Ukiyakunja na mafuta yake ukayatupa pembeni yanaweza kuwaka moto yenyewe, na hilo watu hawaamini.

Giza limeshaingia nakusanya zana. Mama amesimama mlangoni, kibaraza hajakikanyaga, anakitazama kimya. Kisha akafungua pochi, akahesabu, akanipa nusu.

"Hiyo nyingine, fundi, njoo kesho."