Moto wa kuotea mbali

Leo kwenye chama akina mama walimshangilia shangazi: "Huyu ni moto wa kuotea mbali!" Akacheka, akapigiwa makofi. Sifa hiyo inamstahili, maana akishikilia bei hata mnunuzi mkongwe hulegea. Lakini njia nzima ya kurudi mtaani Umoja sikuacha kuiwaza, kwa sababu shangazi anauza mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi, na kule moto si sifa tu.

Soko lile limeungua mara nyingi mno. Usiku wa kuamkia Juni 28, 2018, watu 15 walikufa. Shangazi naye ameunguliwa, mwaka mwingine. Asubuhi ile nilimsaidia kuchokora majivu. Makoti ya nailoni yalikuwa yameyeyuka yakagandamana, bonge jeusi gumu kama lami. Jinzi za pamba zilikwisha kabisa. Zipu ndizo zilizobaki, zimelala kwa mistari vilevile alivyokuwa amezipanga nguo. Alizihesabu zipu zile ajue hasara yake.

Neno moto tunalitumia kila siku. Mwenye hasira amewaka, mapenzi ni motomoto, na bidii isiyodumu tunaiita moto wa mabua, kwa kuwa mabua huwaka kwa kishindo yakaisha upesi. Shangazi mimi namwona makaa. Makaa hayana miali mirefu, kwani gesi nyingi za kuni zilishatolewa tanurini. Kilichobaki zaidi ni kaboni, nayo huiva wekundu polepole na kupika githeri mpaka ikaiva. Alirudi sokoni na turubai, akaanza upya na soksi.

Kinachoniuma ni vichochoro. Vibanda vya mbao na mabati vimebanana, nyaya za stima zinapita juu ya nguo, na gari la zimamoto likifika linakwama nje huku watu wakibeba maji kwa ndoo. Ningependa njia ya gari hilo iachwe wazi, hata kama ni kibanda cha shangazi kitakachosogezwa.

Nimempigia simu jioni hii nikamwambia hivyo. Hakukasirika. Alisema yuko tayari kusogea, ila kwanza aandikiwe nafasi yake mpya na jirani zake waandikiwe zao, kwa sababu wafanyabiashara wanahofia kuwa ukitoka leo, kesho utakuta kiwanja kina mwenyewe mwingine. Hapo sikuwa na la kumpinga.