Kamba ya mashine ya kufyekea huharibikia mezani

Mtu akilalamika kwamba kamba ya nailoni inayokata majani kwenye mashine yake ya kufyekea haitoki, au inajifunga ndani ya kichwa kinachoizungusha kila baada ya dakika chache, lawama ya kwanza huiangukia mashine, ya pili humwangukia muuza duka. Kwa maoni yangu, tatizo hilo mara nyingi huwa limekwisha kutengenezwa mezani, wakati kamba ilipokuwa inazungushwa kwenye bobini, yaani kigurudumu kinachoibeba ndani ya kichwa, na kule kwenye majani huwa linajitokeza tu.

Kichwa kilichoenea zaidi huku kwetu ni kile kinachotoa kamba kinapogongwa chini. Ndani yake hakuna mambo mengi: kuna gamba lenye vitundu viwili, bobini, springi, na kitufe kinachogusa ardhi. Kichwa kinapozunguka kwa kasi, ncha mbili za kamba huvutwa kuelekea nje. Ukikigonga, bobini huachia meno yake kwa muda mfupi sana, kamba ikafunguka kipande kidogo, kisha springi ikairudisha bobini mahali pake. Utaratibu huo wote unategemea kamba kuteleza bila kizuizi. Mzunguko mmoja uliopita juu ya mwenzake unatosha kuuzuia, kwa sababu nguvu ileile inayoivuta kamba nje ndiyo inayoukaza mzunguko wa juu dhidi ya ule wa chini, na hapo hata ukigonga mpaka mkono uchoke, hakitoki kitu.

Kwa hiyo uzungushaji unastahili subira. Kata kamba, ikunje katikati, kisha lipachike pindo hilo kwenye mwanya wa ukuta unaoigawa bobini pande mbili, ili kila nusu ikae chumba chake. Tafuta mshale uliochorwa kwenye bobini na uufuate, kwani unaelekea kinyume na mzunguko wa kichwa. Ukizungusha kamba upande usio wake, mashine ikiwaka kamba italegea na kujikusanya ndani badala ya kukazika. Kila mzunguko ulale ubavuni mwa uliotangulia, kuanzia ukingo mmoja hadi mwingine, ndipo uanze safu ya pili, huku mkono ukiendelea kuivuta kamba kwa mkazo ule ule. Ukiwa na haraka utaona safu ya kwanza imelala vizuri, ya pili imeanza kupanda mlima, na ya tatu imekuwa fundo. Heri kuifungua yote ukaanza upya ukiwa bado umekaa kivulini.

Hapo ndipo inapoingia tamaa. Wengi huijaza bobini hadi mdomoni ili wasisumbuke kurudia kazi, lakini bobini iliyofurika haiwezi kuzunguka kwa uhuru ndani ya gamba lake, na mizunguko ya pembeni huchomoka na kuingia chini ya ukingo. Acha nafasi ya takriban nusu sentimita kati ya kamba na ukingo. Kisha zibane ncha mbili kwenye mikato ya ukingo wa bobini, zipitishe kwenye vitundu, funga kichwa, na uzivute kwa nguvu mara moja ili zichomoke kwenye mikato hiyo. Unene nao si wa kubahatisha: kichwa kilichotengenezwa kwa kamba ya milimita 2.4 hakitafanya vizuri zaidi kwa kuwekewa ya milimita 3, na injini ndogo itaelemewa.

Nailoni huvuta unyevu, na ikikauka sana hupoteza ulaini wake. Kamba iliyoning'inia juani mbele ya duka kwa miezi mingi hukatika kama kijiti, mara nyingi pale pale kwenye kitundu, na ncha iliyobaki ikarudi ndani. Loweka kamba ya namna hiyo kwenye ndoo ya maji usiku kucha kabla ya kuizungusha, na utaona inapinda bila kulalamika.

Kuna pia kukwama kwa joto. Kamba inapopiga ukuta, mawe au nguzo za uzio mara kwa mara, mizunguko iliyolegea husuguana ndani ya bobini mpaka ikayeyuka na kushikana, na ukifungua kichwa utakuta vipande viwili vimeungana kana kwamba vimechomelewa. Mkazo wa uzungushaji hupunguza hilo, na namna ya kufyeka hupunguza zaidi: ncha ya kamba ndiyo inayokata, hivyo sogea taratibu na uiache ncha ifanye kazi. Kinga yenye kisu kidogo nayo isiondolewe, ingawa vijana wengi huing'oa siku ya kwanza ili mashine iwe nyepesi. Kisu hicho hupunguza urefu wa kamba inayozidi. Bila hicho kamba hurefuka kupita kiasi, injini huelemewa na kichwa hupata moto, achilia mbali mawe yanayoruka hadi miguuni. Wanaofunga waya mahali pa kamba wanajitafutia balaa, kwa maana kipande cha waya kikikatika huruka kama risasi.

Wakati wa kugonga, kichwa kiwe kinazunguka kwa kasi kamili na ardhi iwe laini. Kugonga kwenye zege kunakitafuna kitufe tu.

Baada ya kazi, hasa ya majani mabichi ya masika, utomvu na majani yaliyosagika hujipachika kati ya bobini na gamba, vikikauka huwa kama udongo wa ukutani. Brashi kuukuu ya meno inatosha kuvitoa. Ukihitaji kukitoa kichwa kizima kwenye mashine yenye gia boksi mbele, ingiza kijiti cha chuma kwenye tundu lake ili kuzuia mhimili usizunguke, na ukumbuke kwamba katika nyingi ya mashine hizo kichwa hufunguliwa kwa kuzungusha upande ambao nati ya kawaida ingekazwa. Kabla ya kukirudisha, pitisha ukucha ndani ya vitundu viwili vya kutolea kamba: ukihisi mfereji au ukingo mkali, badilisha vipete vyake vya chuma, la sivyo kamba mpya itakatwa hapo hapo.