Jinsi nilivyopata kuwahesabu raia waliounguzwa na vita Goma

Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, mashariki mwa Kongo, nilikuwa muuguzi kwenye wodi ya majeraha ya moto katika hospitali moja ya mjini. Umeme ulikatika, maji ya bomba yakakatika, uwanja wa ndege ukafungwa, watu wakawa wanachota maji ya Ziwa Kivu. Wakati kama huo nani atashughulika na daftari? Kwenye safu ya sababu, mstari baada ya mstari uliandikwa "moto" basi. Mtoto aliyemwagikiwa uji, "moto". Mama ambaye nyumba yake ilipigwa bomu, naye "moto". Jambo hilo liliniuma sana, maana ripoti ikishatoka hospitalini, raia aliyeunguzwa na vita anageuka ajali ya jikoni.

Wenzangu walikuwa hoi, sikuweza kuwaletea fomu nyingine. Nikashika karatasi ambayo hatukuweza kuikwepa: mchoro wa mwili, mbele na nyuma, unaopakwa kalamu nyekundu palipoungua. Bila mchoro huo hujui utoe dripu kiasi gani. Kwa mtu mzima kichwa na shingo ni 9% ya ngozi yote ya mwili, kila mkono 9%, kifua na tumbo 18%, mgongo 18%, kila mguu 18%, sehemu za siri 1%. Mtoto mchanga ana kichwa kikubwa, kwa hiyo kichwa chake ni 18% na kila mguu 14%. Majeraha yakiwa yametawanyika, unapima kwa kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole, ambacho ni karibu 1%.

Hapo ndipo hesabu ya maji inapoanzia: mililita 4, mara kilo, mara asilimia. Mtu wa kilo 60 aliyeungua 25% anahitaji lita 6 za Ringer, maji ya dripu yenye chumvi, katika saa 24 za kwanza, na lita 3 kati ya hizo ziishe ndani ya saa 8 tangu alipoungua, si tangu alipofika. Kisha unaangalia mkojo ndipo uongeze au upunguze.

Asilimia hiyohiyo ndiyo msimbo wa T31 katika CIM-10, ainisho la magonjwa tunalotumia: 25% ni T31.2. Mahali palipopakwa nyekundu panakupa T20 hadi T25, na kina cha jeraha kinakupa tarakimu inayofuata. Kiganja kilichoungua daraja la tatu ni T23.3. Kwa hiyo niliandika misimbo pembeni ya mchoro wenyewe, mtu akimaliza kupaka rangi anazungushia duara tu.

Kilichobaki ni sababu, nayo ilikuwa ngumu zaidi. Watu waliogopa. Baba mmoja aliyeungua mikono yote akimtoa mkewe ndani aliniambia kwa sauti ya chini, "Munganga, andika tu moto." Nikamwonyesha karatasi. "Papa, hakuna mahali pa kuandika nani alirusha. Nataka kujua saa ngapi na moto ulianzaje." Saa ilikuwa lazima niiulize kwa ajili ya dripu, na saa ikishatajwa maelezo mengine hufuata yenyewe. Bomu liliangukia nyumba ya jirani, petroli iliyokuwa kwenye kidumu ikashika, moto ukavuka ukuta. Huyo ni Y36.3, msimbo wa moto wa vita, kwa sababu unachukua hata moto uliosababishwa na silaha kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Wengi hawalijui hilo, wanadhani lazima bomu limguse mtu.

Watoto waliochezea kombora lililobaki baada ya mapigano kwisha wana msimbo wao, Y36.8. Lakini mtoto aliyemwagikiwa maji ya moto ndani ya hema la wakimbizi nilimwandikia X12 kama ajali nyingine ya maji ya moto. Wenzangu walinibishia: bila vita angekuwa kwao, jiko lisingekuwa hatua moja kutoka kitandani. Ni kweli kabisa. Hata hivyo takwimu ikitiwa kila kitu haitasadikiwa na mtu, kwa hiyo nilifuata kanuni, nikaongeza safu ya "kambini". Msimamo huo nauona sahihi mpaka leo.

CIM-10 ya Shirika la Afya Duniani haitenganishi raia na mpiganaji. Toleo la Marekani ndilo linalotenganisha. Sisi tuliweka alama ya raia kwenye jedwali la takwimu lisilo na majina, kamwe si kwenye faili la kitandani. Anayelala wodini ni mgonjwa, na karatasi inayomtambulisha vinginevyo inaweza kumponza.

Miezi ilipopita, walioungua mikono walianza kurudi vidole vikiwa vimejikunja, wengine kwa sababu bandeji na vibao vya kunyooshea vidole havikutosha wakati ule. Hapo msimbo hubadilika: T95.2 kwa kovu la mkono, na Y89.1 kwa madhara ya vita yaliyobaki. Yule baba alikuja pia. Alipangiwa upasuaji wa kufungua vidole na kupandikizwa ngozi, na nilipolifungua faili lake safari hii nilikuta safu ya sababu imeshajazwa na muuguzi wa zamu.