Nilivyoacha kunywa sukre kidogo kidogo

Mimi ni fundi wa cherehani hapa Kadutu, Bukavu. Kwa miaka sita chupa ya plastiki ya sukre, yaani soda, haikukosa kando ya mashine yangu. Nafungua saa tatu asubuhi, nashona mkono mmoja wa blauzi, napiga funda. Nashona wa pili, funda tena. Hadi saa kumi ndiyo inakwisha. Nilijihesabu sinywi sana, chupa moja tu kwa siku!

Siku moja nampimisha mteja gauni, nikaona kwenye kioo mstari mweupe juu ya meno yangu ya mbele, karibu na ufizi. Nikadhani ni chaki ya kuchorea kitambaa. Nikafuta kwa kidole, hautoki. Kisha jino la nyuma likaanza kuniamsha usiku.

Shangazi akaleta karafuu. Karafuu inatuliza kwa muda, sikatai, ila haizibi tundu. Ushauri ulioniumiza hasa ni wa mteja mmoja: "Mama, ukimaliza kunywa tu, piga mswaki papo hapo." Miezi miwili nilisugua hivyo, mara nne kwa siku, kwa mswaki mgumu. Hata maji ya baridi yakawa yananichoma, na kukata uzi kwa meno nikashindwa.

Dokta wa meno ndiye aliyenifungua macho. Vijidudu vya mdomoni vinakula sukari na kutoa asidi, na soda yenyewe tayari ina asidi, hata ile isiyo na sukari. Gamba la jino linalainika. Ukilisugua saa hiyo unalikwangua. Ungoje angalau nusu saa. Mate ndiyo yanayolirudishia nguvu, lakini yanataka muda, na kila funda linaanzisha shambulio upya. Mimi sikuyapa nafasi kutwa nzima! Jino moja likazibwa, lingine likang'olewa. Zilikwenda kama dola hamsini na kitu, pamoja na siku mbili za kazi.

Kuacha kabisa nilijaribu, siku ya nne nikarudi. Ndipo nikapata hila ninayojivunia mpaka leo. Butiki ya jirani ina sukre za chupa ya kioo. Ukitaka kuondoka na chupa, lazima uache pesa yake. Nikamwambia mwenye butiki: "Papa, pesa yangu ya chupa usiipokee, hata nikikubembeleza." Basi nikawa nakunywa pale pale nimesimama, baada ya chakula cha mchana, dakika tano imekwisha, nasukutua kwa maji, narudi kazini. Wiki ya kwanza nilimtuma msichana ninayemfundisha kushona. Papa akamrudisha mikono mitupu. Namshukuru sana.

Baadaye nikabakiza Jumapili tu, nilipojua kwamba kola ya mililita 330 ina takriban gramu 35 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ni bora mtu mzima asipite kama gramu 25 kwa siku.

Usiku napiga mswaki kwa dawa yenye floridi, natema bila kusukutua, na baada ya hapo ni maji tu, maana usingizini mate hupungua. Watoto wangu pia, bila kubembelezana.

Ule mstari mweupe upo bado, ila haujaongezeka. Na uzi sasa naukata kwa makasi madogo ninayoyavaa shingoni.