Mkanda wa saba, na korosho hatimaye imekubali kulala

Saa sita na nusu usiku. Mkanda wa saba wa kufuma kwa sindano uko kichwani mwangu sasa hivi, umefunika masikio yote mawili, na nimeuvaa bila kuushindilia. Naandika kabla sijalala, maana kesho nitaamka nikijiona fundi na nitasahau jinsi hii korosho, ule mchoro wa kwenye kanga, ilivyonitesa wiki tano.

Mikanda mitatu ya kwanza haikunipa shida. Wa kwanza ulikuwa wa ua la Selbu, lile la petali nane, nililolinakili kwenye glavu ambazo dada aliniletea kutoka Trondheim, Norwei. Selbu iko jirani tu na mji huo, na anayetajwa kuwa ndiye aliyeanza kufuma glavu za namna hiyo ni Marit Emstad, mwaka 1857. Wa pili na wa tatu nilifuma vijimchoro vya Fair Isle, kile kisiwa kidogo cha Shetland: miduara na misalaba, rangi mbili tu kwa kila mzunguko, hakuna uzi unaosubiri zamu yake kwa muda mrefu. Nilidhani wale watu wanapenda vitu vidogovidogo tu. Sasa najua walikuwa na akili.

Kisa kilianza pale nilipoona kanga ya shangazi imeanikwa uani. Kanga kuukuu, imefifia, lakini korosho zake bado zimesimama pindo zima, zimenona tumboni, mkia umejikunja. Nikasema huyu ndiye atakayezunguka kichwa changu. Nikachora kwenye karatasi ya miraba jioni ileile: korosho moja vitanzi 24 kwa upana, mizunguko 17 kwa urefu. Hesabu yangu ya siku zote ni vitanzi 24 kwa sentimita 10, sindano ya mviringo ya milimita 3.5. Kichwa changu ni sentimita 56, mkanda natoa sita ili ushike, zinabaki 50, yaani vitanzi 120. Hiyo 120 ni namba tamu kuliko zote katika kazi hii. Inagawanyika kwa 8, kwa 10, kwa 12, kwa 20, kwa 24. Korosho tano bila hata kitanzi kimoja cha kujazia. Nilijipongeza mapema mno.

Mkanda wa nne ulitoka umekunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Kila korosho imevimba mbele kama jipu, na katikati ya korosho na korosho kitambaa kimeingia ndani. Nikaupima ukiwa umelala mezani: sentimita 43. Nikauvaa, ukagoma kwenye paji la uso. Mdogo wangu akaniambia niuze kama mkanda wa mtoto, nisipoteze sufu. Si sufu hata, ni akriliki ya dukani. Sufu ya dada iliishia kwenye ua la Selbu.

Na hapo ndipo nilipokosea mara ya pili. Nilijiambia maji yatanyoosha. Nikauloweka, nikauvika kwenye sufuria ambayo mzunguko wake ni sentimita 52, nikauacha usiku kucha. Asubuhi ulikuwa mzuri ajabu, umenyooka, nikaupiga picha. Kufika saa nne umerudi 43. Sufu ukiilowesha na kuivuta inasikia, inakaukia pale ulipoiweka. Akriliki haina masikio.

Tatizo ni mapengo. Kati ya mkia wa korosho moja na tumbo la inayofuata kuna vitanzi 11 vya rangi ya maziwa mfululizo, na wakati wote huo uzi wa damu ya mzee unapita mgongoni mwa kitambaa ukisubiri. Ukiuvuta kidogo tu, basi. Wale waliofuma shali za korosho huko Paisley, Uskoti, karne ya 19, hadi Waingereza wakaupa mchoro wenyewe jina la mji huo, walikuwa wanatumia kitanda cha mfumi, na nyuzi za mgongoni wakizikata tu shali ikishaisha. Mimi nikikata, mkanda unafumuka wote.

Mkanda wa tano nikapanda sindano hadi milimita 4. Vitanzi vikawa vikubwa, vikaacha macho, korosho ikawa kama imeliwa na panya, na bado mgongoni uzi umekaza vilevile. Nilikasirika kiasi kwamba sikuufumua kwa siku tatu. Sindano haipimi uzi wa mgongoni. Mkono ndio unaoupima.

Mkanda wa sita nikafanya walivyosema watu: kila baada ya vitanzi vitatu, uzi wa mgongoni unabanwa na ule wa mbele ili usiwe mrefu. Safi kabisa, hakuna uzi wa kunasa hereni. Tatizo, nilibana pale pale kila mzunguko, kitanzi juu ya kitanzi. Ukiuvaa na mkanda ukatanuka kidogo, ile damu ya mzee inachungulia kwenye maziwa, vidoa vimejipanga wima. Shangazi aliuangalia, akauliza, "Mwanangu, hii korosho ina tetekuwanga?" Nikasogeza pa kubania, mzunguko huu hapa, unaofuata pale. Vidoa vikatawanyika lakini havikuisha, na kitambaa kikawa kigumu kama kamba ya kufungia mbuzi.

Ndipo nikaamua kupima badala ya kulalamika. Nikafumua mkanda wa nne taratibu, nikatoa uzi wa pengo moja ukiwa mzima, nikaulaza kwenye rula. Vitanzi 11 vinatakiwa vikae sentimita 4.6. Uzi wangu ulikuwa 3.7. Karibu sentimita nzima imepotea kwenye pengo moja, na mapengo ni matano, kwa hiyo mapengo matupu peke yake yameshakula sentimita 4 na nusu kati ya zile saba zilizopotea. Nikapima na mapengo mengine. 3.6, 3.8, 3.7. Mkono wangu una roho mbaya, lakini walau hauna upendeleo.

Jawabu lilikuja nikigeuza soksi. Soksi ya kufuma, nene, nimeivua nje-ndani, nikaona nyuzi za mgongoni zote ziko nje, zimelegea, zimepumua. Nikakaa nayo mkononi. Ukifuma kawaida kwa sindano ya mviringo, mgongo wa kazi uko ndani ya duara, na uzi unaosubiri unakata kona. Unapita njia ya mkato kila sindano inapojipinda. Sasa ukiigeuza kazi nzima, mgongo ukawa nje na uso ukawa ndani, halafu ukafuma ule upande wa mbali wa duara, uzi huohuo unalazimika kuzunguka kwa nje. Hauna pa kukatia. Kitambaa changu kina unene kama wa milimita 3. Ukizidisha unene huo mara mbili, halafu mara pai, ile njia ya nje ni ndefu kuliko ya ndani kwa karibu sentimita 2. Sijui kwa nini ilinichukua mikanda mitatu kufikiria soksi.

Naongeza na tabia moja ndogo ambayo nilikuwa naisoma na kuipuuza: kabla ya kubadili rangi, natandaza vitanzi vya sindano ya kulia kwa kidole gumba, vinyooke kabisa, ndipo nachukua uzi mwingine. Si kuvuta. Ni kutandaza, kama unavyonyoosha mkeka kabla mgeni hajakaa. Kwenye pengo la 11 nabana mara moja tu, katikati, na kila mzunguko nahama kitanzi kimoja.

Matokeo ya mkanda wa saba: umelala mezani sentimita 48 na nusu. Ukivutwa unafika 58. Korosho tano zimelala bapa. Kuna moja, ya tatu, ambayo mkia wake umebana kidogo, hapo nilikuwa naongea na simu.

Kuhusu vifaa, kwa kuwa nimeshaanza kusema. Nilijifunza kufuma kwa spoku za baiskeli kama nusu ya watu wa hapa, na naziheshimu, lakini milimita 2 na uzi huu ni kujitafutia ugomvi. Sindano za aluminiamu zinateleza, na kwenye kazi ya rangi mbili kuteleza ni dhambi, vitanzi vinasongamana vyenyewe kabla hujavitandaza. Mianzi inashika. Sindano nzima, ncha na waya wake wa katikati pamoja, iwe sentimita 40, ndefu zaidi ya hapo inavuta mkanda mpaka unachoka. Dada alinitumia pia ile pete ya chuma ya kuvaa kidoleni yenye vijishimo viwili vya kupitishia nyuzi. Nimeijaribu jioni mbili. Nyuzi zinasokotana, kidole kinapata alama, nimempa mtoto wa jirani anachezea. Mimi nashika damu ya mzee mkono wa kushoto na maziwa mkono wa kulia, na siwabadilishi kamwe katikati ya kazi, kwa sababu uzi unaopita chini ndio unaojitokeza zaidi mbele, na ule wa kushoto ndio unaopita chini. Ukiwabadilisha, korosho inanenepa upande mmoja na kukonda mwingine, na utalaumu macho yako.

Rangi pia nimepata somo la bure. Nilitaka moja ya damu ya mzee na kijani kibichi, nikiwa na picha ya kanga kichwani. Nikazipiga picha kwa simu nikazigeuza nyeusi na nyeupe: kijivu kimoja, hata mstari wa mpaka hauonekani. Mchoro ungezama. Kisutu wala hakina shida hiyo. Nyekundu, nyeusi, nyeupe, na vijimchoro vyake ni vidogovidogo, vinaingia kwenye miraba kama vilichorwa kwa ajili ya sindano. Kwa nini sikuanza na kisutu, usiniulize.

Sasa mpango ulikuwa hivi: baada ya korosho kukubali, nishone bitana laini ndani ya mkanda, kuna kijana wa bodaboda aliyeagiza mmoja wa kuvaa chini ya helmeti alfajiri, na anataka upepo usipenye. Bitana nimeshaikata. Imekaa kwenye kiti tangu Jumanne.

Imekaa kwa sababu kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Nimefuma pindo. Je, jina?

Herufi moja naweza kuifuma kwa vitanzi 5 na kimoja cha nafasi, jumla 6, urefu mizunguko 7. 120 kugawanya kwa 6 ni 20. Nahitaji maneno yenye herufi na nafasi 20 kamili, ili mwisho ukutane na mwanzo bila kushonea pengo. Usiku mzima nimehesabu methali kwa vidole. "Mgeni njoo mwenyeji apone" inazidi. "Subira yavuta heri" inapungua, na ile V ni ngumu kwenye vitanzi vitano. Halafu nikahesabu ile iliyochoka kuliko zote, ambayo nilikuwa naikwepa kwa makusudi. HARAKA, sita. Nafasi. HAINA, tano. Nafasi. BARAKA, sita. Kumi na tisa, na nafasi moja ya kuunganishia: ishirini. Sikuwa na la kusema. Herufi ni saba tu, H, A, R, K, I, N, B, na hakuna hata moja inayohitaji zaidi ya vitanzi vitano. Uzi wa mgongoni mrefu kabisa ni wa vitanzi saba, pale kwenye nafasi za maneno.

Nikaanza papo hapo, na nikaharibu papo hapo. Nilisoma mchoro wangu kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayesoma gazeti, ilhali vitanzi vinakwenda kulia kwenda kushoto. H ukiigeuza ni H. A ni A. I ni I. Kwa hiyo kila nilipotupia jicho mwanzoni mwa mzunguko niliona HA, nikaridhika, nikaendelea. Mzunguko wa tano ndipo nilipoona R ya kwanza imepiga mguu upande wa nyuma, na K inamtazama A aliyetoka badala ya A anayekuja. Mizunguko mitano, vitanzi 120 kila mmoja. Nimefumua vitanzi 600 nikiwa nimesimama.

Nimeandika upya kwenye karatasi, kwa kalamu nyekundu, jinsi mkono utakavyokutana na herufi: AKARAB ANIAH AKARAH. Naisoma kwa sauti kila mzunguko, mdogo wangu anadhani naroga. Nimefika mzunguko wa tatu. Mguu wa R unatazama kulia.