Sharti la mama yake

Septemba 2023 Mtanzania mwenzetu Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu Berlin Marathon kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41, rekodi mpya ya taifa kwa wanawake. Kwenye klabu yetu ya joging Temeke hakukuwa na habari nyingine wiki ile, na waliokuwa wakiijadili karibu wote ni wanaume, maana wanawake tulikuwa wachache mno. Siku chache baadaye binti wa jirani alinisimamisha njiani nikitoka kazini. Akaniuliza kama na yeye angeweza kukimbia mbali kiasi kile. Nikamwambia njoo uanze.

"Basi niombee kwa mama, dada. Mimi nimeshakataliwa."

Nilikwenda jioni ileile. Mama yake alikuwa kibarazani, ungo mapajani, anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vuta kigoda. Kilichokuleta nakijua."

Alikuwa na mambo mawili. La kwanza giza: joging tunaanza saa kumi na moja alfajiri kabla joto na magari hayajachachamaa, na mtoto wa kike hapiti vichochoro peke yake saa hizo. Hapo sikubishana hata kidogo, kwani wasichana wengi mjini hukwama palepale. Nikamwahidi nitampitia mlangoni na kumrudisha mlangoni.

La pili alilisema taratibu, macho yako kwenye mchele. "Nasikia wakikimbia sana hawazai. Damu inakata."

Hofu hiyo ni ya siku nyingi, na haikuanzia Temeke. Wakubwa wa Olimpiki nao waliamini kwa miaka mingi kwamba mwili wa mwanamke hauhimili mbio ndefu. Marathoni ya wanawake iliwekwa mara ya kwanza Los Angeles mwaka 1984, akashinda Joan Benoit wa Marekani. Lakini mama hakuwa anauliza historia. Alikuwa anauliza habari za mwanawe, na alichosikia kilikuwa na ukweli ndani yake. Wapo wakimbiaji ambao damu hukata kweli. Nikamweleza inavyokuwa: msichana anatumia nguvu nyingi kuliko anachokula, mwili unaanza kubana matumizi kama nyumba iliyoishiwa, na hedhi inasimama. Mifupa nayo inadhoofika. Akila akashiba, mbio zenyewe hazimharibu kizazi. Na siku zake zikipotea miezi mitatu, asikae kimya, aende hospitali.

"Kumbe ni chakula."

"Chakula, mama. Asijinyime ili awe mwembamba. Na kwa kuwa kila mwezi anapoteza damu, apate vyenye madini ya chuma: dagaa, maharage, mchicha wenye ndimu, na maini yakipatikana."

Makocha wa kiume niliokutana nao hawaligusi kabisa jambo hili. Wanaona haya, msichana naye anaona haya, mwisho anaacha mbio bila kusema sababu. Linaniuma sana, kwa sababu ni mazungumzo ya jioni moja tu.

Mama aliweka ungo chini. "Avae suruali ndefu. Umpitie wewe mwenyewe, usimtume mtu. Na asitoke hapa na tumbo tupu."

Jumamosi alikuwa mlangoni ananisubiri, mkononi kipande cha kiazi kitamu. Tulipoanza kuimba na kuondoka kwa mchakamchaka alichomoka mbele kabisa, na kabla hatujafika Chang'ombe kichomi kikamshika ubavuni. Alijiinamia, mkono mbavuni, jasho linatiririka hadi kidevuni, maana unyevu wa Dar haungoji jua. Nikamwambia atembee kidogo, avute pumzi ndefu, kisha aanze tena kwa mwendo ambao anaweza kuitikia wimbo. Akishindwa kuitikia, apunguze. Akatembea, akakimbia, akatembea tena. Tulipoukaribia Uwanja wa Mkapa nilimsikia nyuma yangu anaitikia, sauti inakatikakatika, lakini haachi.

Tuliporudi mama alikuwa ameshapika maharage na chai. "Kaa ule kwanza," alimwambia, "hadithi baadaye."

Wiki mbili tatu zilipita, akanipigia simu.

"Mwanangu, kuna mwenzangu mtaa wa pili ana mabinti wawili wanataka kukimbia. Anaogopa lile la damu. Mimi nimeshamweleza habari za chakula, ila la giza amesema atalisikia kwako. Jioni upo?"